Negativu za mzee wetu: niweke dpi ngapi kwenye skana?

SWALI: Habari kaka, niko Bombo. Marehemu baba alituachia bahasha imejaa negativu nyeusi na nyeupe, nyingi ni za milimita 35, chache ni za mraba, kubwa kidogo. Nimeazima skana ya meza, boksi lake linasema 6400 dpi. Niliweka 300 kama tunavyofanya kwa vitambulisho, picha ikatoka kadogo kama stempu, nikapandisha 6400 kompyuta ikaganda. Nifanyeje?

JIBU: Salama dada, poleni na mzee. 300 ni ya karatasi hiyo. Dpi ni nukta ngapi ndani ya inchi moja, na negativu ya 35 ina milimita 24 kwa 36 tu, upande mrefu haufiki hata inchi moja na nusu, sasa 300 inakupa pikseli kama 425 kwa 283, hapo utaona nini. Weka 2400, unapata kama 3400 kwa 2270, hiyo unaipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji kule Kampala, wanakuprintia A4 safi kabisa.

Zile za mraba kama ni sentimita sita kwa sita usihangaike, filamu ni kubwa, hata 1600 inatoa pikseli 3500 kila upande.

Sasa hiyo 6400. Namba ya boksi ni hatua ambazo mashine inaweza kuhesabu, siyo kile lenzi yake inachoona kweli. Chukua Epson V600, nayo imeandikwa 6400, lakini ikipimwa kwa chati inatoa kama 1600 tu, na skana nyingi za meza ziko humohumo, nzuri sana zinagusa 2300 hivi. Kinachozidi ni ukungu uliovutwa ukawa mkubwa. Usiniamini mimi, skani fremu moja yenye vitu vidogo, kope za mtu au namba ya gari, mara moja 2400 mara moja 6400, halafu ile kubwa ipunguze ilingane na ndogo uziweke pembeni kwa pembeni. Kama huoni tofauti basi unajaza diski bure.

Na kuganda kwa kompyuta nadhani umeacha rangi ya biti 48, kwa 6400 fremu moja tu inafika megabaiti 330! Picha hazina rangi, chagua kijivu biti 16, seivu TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, kwa 2400 ni kama megabaiti 15 basi. JPEG tengeneza baadaye ya kutuma WhatsApp kwa ndugu.

Kitu kingine watu wanasahau, zima ile sehemu ya skana ya kufuta vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Filamu nyeusi na nyeupe ya kawaida picha yake ni fedha, na fedha inaziba infraredi, kwa hiyo skana inadhani sura ya mzee ni uchafu inaanza kuifuta. Vumbi la Bombo liondoe kwa pampu ndogo ya mkono, usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Na filamu ikae kwenye kishikio chake cha skana, isilale moja kwa moja kwenye kioo, utaona miduara miduara kama mafuta juu ya maji. Zikiwa zimejikunja, ziweke kwenye bahasha safi chini ya vitabu vizito siku chache kwanza.