Nanga Inang'oka Usiku Maji Yakijaa

SWALI: Kila jioni tunatia nanga kwenye hori (mkono wa bahari), kina mita 3, na kutoa mita 15 za kamba. Boti inatulia vizuri, lakini usiku maji yakijaa nanga inaburura. Tununue nzito zaidi?

JIBU: Bado. Kamba yenu ni fupi. Kina hupimwa kwa maji yatakapojaa kabisa, si mlipofika. Ikiwa maji yatapanda mita 2, na omo (sehemu ya mbele ya boti) iko mita 1 juu ya maji, hesabu ni 3 + 2 + 1, yaani 6. Kwa kamba yenye kipande cha mnyororo, zidisha mara 7: mita 42. Kwa mnyororo mtupu mara 5 yatosha, yaani mita 30. Kamba fupi huinua mpini wa nanga, na ncha huchomoka matopeni.

Mkondo nao hugeuka. Boti huzunguka, nanga huvutwa kinyume, na ikiwa imebeba fundo la majani haizami tena matopeni. Kwa hiyo ing'oeni na kuisafisha ikiwa imekuja na majani, kisha tieni upya. Kamba ikishatoka yote, rudisheni boti nyuma polepole kwa injini, mkono ukiwa juu ya kamba: ikitetemeka-tetemeka, nanga inaburura, ikikaza na kutulia, imeshika. Halafu teueni vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mti na nguzo kwa mfano, mvitazame tena mkondo ukigeuka, kuona kama boti imehama. Mita 42 zahitaji nafasi ya kuzunguka, basi msijibane na boti za jirani.