Majibu kwa Wasomaji: Mtaji Wangu Ulitoka Kwenye Mirathi ya Wadogo Zangu

SWALI

Mhariri, Assalaam aleikum.

Nimevuka miaka hamsini, ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na ninakuandikia kwa sababu nimejiandikisha kwenda Hija mwakani na kuna jambo linaloninyima usingizi. Baba yetu alifariki Muheza mwaka 1998, nikiwa na miaka 24. Kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Marehemu aliacha nyumba, ambamo mama aliendelea kuishi, na shamba la michungwa la ekari sita. Shamba nililiuza. Nililipa deni la hospitali na gharama za mazishi, ambazo hazikufika hata robo ya bei, na nilipoulizwa nilisema kwamba fedha zote zimeishia huko. Zilizobaki nilikwenda nazo Kariakoo, nikakodi fremu na kuanza biashara. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaolewa. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka 13. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda sekondari, lakini hakwenda, kwa kuwa mama hakuwa na ada na mimi nilimwambia kwamba biashara bado ni changa.

Leo nina maduka matatu na nyumba mbili, na watoto wangu wawili wamemaliza chuo kikuu. Ninaporudi Muheza vijana husema nimetoboa, na wazee hunitolea mfano. Mdogo wangu ni fundi seremala, na jioni husomesha madrasa. Mama alifariki mwaka 2011, na yeye ndiye anayekaa katika nyumba ya wazee. Nilipomwita Dar es Salaam aje asimamie duka moja alikataa, akasema, "Kaka, mimi nimeshafanikiwa; nalala sina deni la mtu." Maneno hayo yamenikaa kooni tangu siku hiyo.

Mke wangu, ambaye nilimweleza mwaka jana, anaona nisifukue yaliyokwisha kuzikwa: nilikuwa kijana, nimewasaidia ndugu miaka yote hii, na nikitamka nitauvunja ukoo. Mimi nimefikiria nimjengee mdogo wangu nyumba mpya na nimchukue twende Hija pamoja, iwe zawadi, bila kumweleza sababu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani humpigia simu tukatakana radhi, naye husema amenisamehe yote. Je, hiyo haitoshi? Na je, mafanikio yangu yote ni haramu?

Jina limehifadhiwa, Dar es Salaam.

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Barua yako tuliisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu, na tunakushukuru kwa kutaja tarakimu na miaka bila kujificha, kwani aliyekusudia kujitetea tu asingeandika kwamba deni la hospitali halikufika robo ya bei.

Tuanze na simu ya Ramadhani. Desturi yetu ya kutakana radhi kabla ya mwezi mtukufu ni njema, na imepatanisha watu wengi waliokuwa wameachana kwa maneno madogo madogo ya jikoni na barazani. Lakini mdogo wako anaposema amekusamehe yote, "yote" anayoijua yeye ni ile simu ambayo hukuipokea, neno kali ulilomwambia mbele ya wageni, au hitma ambayo hukuhudhuria. Shamba halimo katika "yote" hiyo, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwambia kwamba shamba liliishia hospitalini. Hawezi kusamehe asilolijua. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, hujawahi kuliombea radhi shamba lile hata mara moja.

Sasa tuje kwenye zawadi, na hapa ndipo tunapotaka kukusihi kwa nguvu zetu zote usifanye ulivyokusudia. Fikiria siku utakapomkabidhi funguo za nyumba mpya. Atakushika mkono kwa mikono yake miwili, watoto wake watakupa shikamoo na asante, jirani watasema hakuna kaka kama wewe, na imamu huenda akakuombea dua hadharani. Mtu aliyechukuliwa haki yake akiwa na miaka 13 atakuwa anamshukuru aliyeichukua, na shukrani hiyo utakuwa umeipata kwa uongo uleule wa mwaka 1998, ukiwa umeuvika kanzu mpya. Wahenga waliposema dawa ya deni ni kulipa, walikusudia deni linalolipwa kwa jina la deni. Anayelipwa haki yake hana wajibu wa kukushukuru, ana ruhusa ya kukasirika, na anaweza kuchagua kama fedha yake ataijengea nyumba, ataisomeshea watoto au ataiweka. Ukimpa kama zawadi, umemnyang'anya ruhusa zote hizo.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuliona wakati ukiandika. Katika barua yako yote dada yenu amepata sentensi moja, kwamba alikuwa ameshaolewa. Hukusema anaishi wapi, ana hali gani, wala kama naye utampa zawadi. Ndoa haikumwondolea haki yake kwa baba yake, na tunasema haya kwa uchungu kwa sababu barua za mirathi zinazofika katika meza hii, kwa wingi wake, zinatoka kwa wanawake walioambiwa maneno hayohayo.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu kukiri hubaki kuwa maneno matupu. Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, gharama za mazishi na madeni halisi ya marehemu hutolewa kwanza, hufuata wasia ikiwa upo, usiozidi theluthi, na kinachobaki ndiyo mirathi. Ikiwa babu na bibi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki na marehemu hakuwa na mke wala mtoto mwingine, kinachobaki kigawanye mafungu 40. Mama alistahili thumni, yaani mafungu 5, wewe 14, mdogo wako 14, dada yako 7. Mama alipofariki, mafungu yake 5 yaligeuka kuwa yenu: mawili kwako, mawili kwa mdogo wako, moja kwa dada, ikiwa naye hakuacha mrithi mwingine. Kwa hiyo katika kila shilingi 40 ulizokwenda nazo Kariakoo, zako zilikuwa 16, za mdogo wako 16 na za dada yako 8. Unadaiwa mafungu 24, na nyumba anayokaa mdogo wako nayo haijagawanywa, ambamo dada ana fungu lake vilevile.

Usilipe kwa shilingi za mwaka 1998. Wakati ule dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 700, na leo imepita 2,000, hivyo kurudisha tarakimu zilezile kungekuwa kudhulumu mara ya pili. Kwa uchache angalia thamani ya ekari sita za Muheza kwa sasa. Ama kuhusu faida iliyozaliwa na mtaji wa namna hii, wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoirudisha kwa mwenye mali, wapo wanaomwachia aliyeifanyia kazi pamoja na wajibu wa kurudisha asili, na wapo wanaoigawanya baina yao. Jambo hilo lipeleke kwa shekhe unayemwamini kwa elimu yake, na umwambie kila kitu kama ulivyotuambia sisi. Nenda pia mahakamani. Msimamizi anayethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu kwa Fomu Na. 6. Kama hukufanya hivyo, onana na wakili akueleze namna ya kulifufua jalada na kulifunga kwa haki, tena uende kwake kabla hujakaa na wadogo zako, ili siku hiyo uwe na jambo la hakika la kuwaambia.

Umeuliza kama mafanikio yako yote ni haramu. Hatuna mamlaka ya kutoa hukumu hiyo, lakini hatuoni sababu ya kuifuta miaka zaidi ya 25 ya kuamka alfajiri, kubeba mifuko ya saruji na kukopesha mafundi wasiolipa. Kazi hiyo uliifanya wewe. Unachopaswa kukiacha ni kuisimulia kana kwamba ilianza na mikono mitupu. Kama umewahi kukaa mbele ya vijana wa Muheza ukawaambia kwamba ulikwenda Kariakoo bila kitu, basi umewafundisha njia ambayo haipo, na huenda wengine wanajilaumu mpaka leo kwa kushindwa kuipita.

Mkeo tunamheshimu. Yeye anapima mafanikio kwa nyumba isiyovuja na watoto waliosoma, na mwanamke aliyejenga pamoja nawe ana kila haki ya kuogopa kusikia kwamba sehemu ya jengo ni ya watu wengine. Kaa naye kwanza, mkubaliane ni mali ipi itauzwa au kugawanywa, asije akayasikia mbele ya ukoo. Hata hivyo, hofu yake kwamba ukisema utashuka machoni pa watu, sisi hatuna hakika nayo. Mwalimu Nyerere alifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Vyote viwili vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na angeweza kunyamaza, kwa kuwa kilichoondolewa kilikuwa kimerejea. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alieleza katika mahojiano kwamba kama angeanza upya mambo hayo mawili asingeyafanya. Hakuridhika na kurudisha tu, alitaja pia kosa kwa jina lake, na leo hatumtaji kwa heshima pungufu kwa sababu hiyo.

Limebaki lile neno la mdogo wako, na hapa tunakuomba uwe mwangalifu sana. Inaonekana umekwisha kuamua kwamba wewe ndiye uliyefanikiwa, na yeye ndiye aliyebaki nyuma kwa ajili yako. Sehemu moja ni kweli: mwaka 1999 sekondari ya serikali ilikuwa ya kulipia, ada ilikuja kufutwa Januari 2016, na fungu lake la shamba lilikuwa limeshafika Kariakoo wakati mama akihangaika. Hilo lazima ulitamke. Lakini usiende kumwambia kwamba umemharibia maisha. Mtu anayechonga milango ambayo mji mzima unaifungua kila asubuhi, anayefundisha watoto kusoma na anayelala bila deni, hajakuomba umhurumie, na ukimlilia juu ya maisha aliyoyapenda utakuwa umemchukulia na hayo pia. Huenda atakuambia alitamani shule na kwamba alilia. Huenda atasema hakuitamani kamwe. Mwachie aseme mwenyewe alipoteza nini.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu nyingine yoyote ya safari, waite wadogo zako wote wawili pamoja, ninyi watatu tu, bila wazee wa kuwashinikiza. Waambie kwa maneno kama haya: "Mwaka 1998 niliuza shamba la baba kwa kiasi hiki. Hospitali na mazishi vilichukua kiasi hiki. Niliwaambia kwamba zimekwisha, na haikuwa kweli. Nilizichukua mimi, nikafungulia biashara. Hesabu ya mafungu yenu ni hii, na nimekuja kulipa kwa utaratibu huu." Usitaje umri wako wa wakati ule isipokuwa wakikuuliza. Usiorodheshe ada ulizowalipia watoto wao. Ukimaliza, nyamaza. Kama mdogo wako atasimama na kutoka nje, mwache atoke, na dada akikuuliza swali lilelile mara kumi, mjibu mara kumi. Hija inataka mtu aondoke akiwa amewarudishia wenye haki haki zao, na ikiwa mauzo ya kiwanja au mgawanyo wa duka utachukua miezi hadi msimu upite, subiri msimu mwingine.

SWALI

Mhariri, mimi ni muuguzi wa Mombasa. Mjomba wangu, aliyewahi kutumia fedha nilizomtumia anijengee nyumba, alikuja mwezi uliopita na wazee watano akaomba msamaha mbele yao. Wazee wakaniambia nimpe mkono palepale. Nilinyamaza, na sasa ukoo mzima unasema nina moyo mgumu. Nimekosea?

Msomaji, Mombasa.

JIBU

Hujakosea, dada yetu. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 40, anayesamehe na kusuluhisha ameahidiwa ujira wake kwa Mwenyezi Mungu, lakini aya hiyohiyo inaanza kwa kutambua kwamba uovu una malipo yake. Kusamehe kumesifiwa, na sifa hiyo haiwezi kupatikana kwa mkono unaovutwa na wazee watano. Tumeona pia kwamba hukusema kama mjomba alitaja ni kiasi gani alitumia na atakirudisha lini, na kama hakutaja, basi kilicholetwa sebuleni kwako ni nusu ya jambo. Wapelekee wazee ujumbe wa adabu kwamba umesikia, kwamba unamshukuru mjomba kwa kuja, na kwamba unaomba hesabu iandikwe kwenye karatasi. Baada ya hapo chagua siku yako mwenyewe, ukiwa umepumzika kutoka zamu, na umwite peke yake.