Matairi na vipuri vya safari ndefu ya pikipiki: maswali yenu na majibu

Wasomaji kadhaa wa hapa Mombasa wanajiandaa kwa msafara wa pikipiki wa kwenda Moyale na kurudi, na takribani wote wameniuliza kuhusu matairi na vipuri. Nimechagua maswali matano.

Tairi langu la nyuma limetembea kilomita 6,000 katika shughuli za mjini, na meno yamebaki nusu. Je, litanifikisha Moyale na kunirudisha? (Changamwe)

Tuanze na hesabu. Kutoka hapa hadi Nairobi ni takribani kilomita 480, Nairobi hadi Isiolo 270 hivi, na Isiolo hadi Moyale kama 500, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 2,500, bila mizunguko ya kutafuta mafuta na malazi. Ikiwa tairi lilianza na meno ya milimita 8 na sasa yamebaki 4, kila milimita imekupa kilomita 1,500, na ukitaka kurudi na angalau milimita 2, umebakiwa na kilomita 3,000. Kwenye karatasi linatosha. Lakini kilomita zile ulizitembea mjini bila mzigo, ilhali sasa utabeba mizigo na kukimbia kwa saa nyingi mfululizo juu ya lami iliyochomwa na jua kutoka Taru hadi Voi, na joto na uzito hulila tairi haraka kuliko umbali wenyewe. Mimi nisingeondoka nalo. Funga jipya siku nne au tano kabla ya safari, utembee nalo kilomita 150 hivi, ili ule utelezi wa upya utoke na kasoro yoyote ya ufungaji ijitokeze ukiwa bado nyumbani; la zamani lihifadhi, utalimalizia mjini ukirudi. Unaponunua, soma tarakimu nne zinazoonyesha tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi hukauka mpira hata kama meno yake hayajaguswa.

Nibebe tairi zima la akiba, au tyubu zinatosha? (Likoni)

Barabara kuu ina lami hadi Moyale, na kwa njia hiyo tyubu zinatosha. Ukikusudia kuchepuka kuelekea Loiyangalani, ambako njia imejaa mawe makali ya volkano, shauri linabadilika, kwa kuwa jiwe likipasua ubavu wa tairi hakuna kiraka cha kukufikisha mbali. Hapo kundi zima likubaliane kubeba tairi moja la nyuma, na ni heri pikipiki zenu ziwe za ringi ya kipimo kimoja. Tyubu beba mbili. Mwenye ringi ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, akikosa nafasi, abebe ya 21, maana hiyo huweza kuingizwa nyuma kwa dharura.

Kilichowahi kunikwamisha mimi ni gundi. Nilipata pancha karibu na Mackinnon Road saa saba mchana, nikang'oa gurudumu, nikatoa tyubu, nikapakwangua palipotoboka hadi pakawa safi, kisha nikaminya gundi na hakikutoka kitu ila utando mgumu kama wa maziwa yaliyopoa. Nilikuwa nimeifungua mwaka mmoja nyuma, na gundi iliyokwisha kufunguliwa hukauka hata ukikaza kifuniko vipi. Nilikaa chini ya mgunga hadi alasiri, ndipo utingo wa lori moja akanigawia yake. Kwa hiyo nunua mpya kila safari, usiitoboe mdomo mpaka siku ya kuihitaji, na kabla ya kuondoka toa tairi na ulirudishe ukiwa uani kwako, kwa vyuma vile vile utakavyobeba.

Nimesikia kwamba waendeshaji wa mashindano ya Dakar hawatumii upepo, huweka povu gumu ndani ya tairi. Niwaige? (Kisauni)

Hapana. Povu hilo, liitwalo mousse, halipati pancha, na katika mawe ya Saudi Arabia, ambako mashindano hayo yamefanyika tangu mwaka 2020, lina thamani kubwa. Adui yake ni joto: ukikimbia nalo kwa saa nyingi kwenye lami, humeguka vipande vipande ndani ya tairi. Wenzetu hao hulibadilisha wakifika kambini jioni. Wewe Laisamis unangojewa na nani?

Mdogo wangu yuko Marekani na anajiandaa kwa Iron Butt Rally. Hesabu yake ni kama yetu? (Tudor)

Njia ya kuhesabu ni ile ile, ila masafa ni makubwa mno. Rali hiyo inajulikana kwa siku zake 11 na maili 11,000, yaani kilomita 17,700 hivi, na ni nadra tairi la nyuma kuumaliza mwendo huo. Aanze na matairi mapya, kisha aagize la nyuma mapema katika gereji iliyo karibu na nusu ya njia anayoitarajia. Athibitishe pia siku za kazi, kwa kuwa maduka mengi ya pikipiki kule hufungwa Jumapili na Jumatatu.

Vipuri gani visikose kwenye mfuko? (Mtwapa)

Kipuri kinastahili kubebwa ikiwa kikiharibika pikipiki haisogei, na ikiwa wewe mwenyewe unaweza kukifunga kando ya barabara. Kwa kipimo hicho ninabeba waya wa klachi, liva za klachi na breki, plagi, fyuzi, valvu za matairi na viungo viwili vya cheni. Mwenye Boxer apunguze, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji wa njiani. Mwenye pikipiki kubwa ya kigeni asitegemee duka lolote baada ya Nairobi. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya bahari, ambayo hushika viungo vya cheni na vichwa vya spoki bila kuonekana, kwa hiyo vikague wiki mbili kabla, vyote, kimoja kimoja. Na ukibadilisha kiungo cha cheni, hakikisha upande uliozibika wa klipu unatangulia kule cheni inakoelekea.