"Amelala" na "amekula": kiambishi kimoja, maana mbili

Mwenzetu ameuliza kwa nini "mtoto amelala" husemwa juu ya mtoto aliyemo usingizini sasa hivi, ilhali "mtoto amekula" ni habari ya jambo lililokwisha, na kiambishi ni kile kile -me-. Nimewafundisha wageni Kiswahili kwa miaka kadhaa na swali hili hunijia kila muhula. Tatizo huanzia pale -me- inapofundishwa kama kiambishi cha wakati uliopita, hali kazi yake ni kueleza hali timilifu, yaani tukio limefika ukomo wake na matokeo yake yangalipo. Matokeo hayo ni yapi, huamuliwa na kitenzi chenyewe.

Lala, simama, vaa, choka na iva ni vitenzi vya kuingia katika hali. Anayesimama anainuka, akishainuka, amesimama, na atakuwa amesimama mpaka akae. Kula si hivyo: ni shughuli ambayo ikiisha haimwachi mlaji katika hali yenye jina la kitenzi hicho, kwani kinachobaki kina kitenzi chake, "ameshiba". Kipimo changu ni neno "bado". "Bado amelala" na "bado amevaa koti" ni sentensi safi, lakini "bado amekula" haisemeki.

Somo hili nililipata kwa aibu. Nikihariri tafsiri ya hadithi, nilipitisha sentensi "mlinzi alikuwa anasimama mlangoni usiku kucha", na msomaji mmoja akauliza mlinzi huyo alikuwa na magoti ya namna gani hata ainuke usiku kucha asifike juu. Ilitakiwa "alikuwa amesimama". Hata "alisimama" isingefaa sana hapo, maana -li- hulitaja tukio lenyewe: "alilala saa nne" ni saa aliyoingia usingizini, ila "saa nne alikuwa amelala" humaanisha usingizi ulikwisha kumchukua.

Vinavyonisumbua zaidi darasani ni jua na penda, ambavyo tayari ni vitenzi vya hali. Hivyo huchukua -na- kwa hali ya sasa, "anajua", na vikipewa -me- hurudi kwenye mlango wa kuingilia: "amejua" ni yule ambaye jana alikuwa hajui.