Siku moja Mombasa na familia: fuateni saa za chakula na msitoke kisiwani

Nimesoma swali la ndugu yetu wa Eldoret. Anateremka Mombasa na familia wakati wa likizo, ana siku moja tu ya kutembea, watoto watatu na mama yake mzazi ambaye ni mtu mzima. Anauliza kama siku hiyo inatosha ngome ya Fort Jesus, Haller Park, ufuo wa Nyali na Diani, na familia itakula wapi. Wengi mmemjibu kwa kumwongezea sehemu. Mimi nampunguzia, kwa sababu nimeitembea Mombasa na watu wa umri huohuo, kuanzia mtoto wa miaka minne hadi mama yangu ambaye magoti yanamsumbua.

Diani iache. Iko kusini, ng'ambo ya feri ya Likoni, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Haller Park nayo iko Bamburi, kaskazini kabisa. Ukiziweka zote kwenye siku moja, watoto watakumbuka kiti cha gari. Si kwamba Haller Park haina maana. Yale yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, na Rene Haller ndiye aliyeyarudishia miti na wanyama. Ndiko alikopelekwa Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004 akaanza kuandamana na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Mahali kama hapo panataka siku yake. Mkirudi tena, anzeni huko.

Siku hii moja ipeni kisiwa cha Mombasa chenyewe. Na kisiwani msipange kwa orodha ya majengo, pangeni kwa chakula, maana chakula cha Mombasa kina saa zake. Mahamri na mbaazi ni vya asubuhi, ukichelewa mpaka saa tano unakuta sufuria imeshaoshwa. Biriani na pilau ni vya adhuhuri. Viazi karai, mishkaki na muhogo vinatoka jua likipungua. Ukifuata mpangilio huo, na jua lenyewe unakuwa umelikwepa: asubuhi uko ngomeni kukiwa bado na ubaridi kidogo, mchana uko ndani, alasiri uko kwenye upepo wa bahari.

Sisi tulianzia Mji wa Kale kabla ya saa mbili, tukala kwa mama mmoja anayepikia kibarazani. Msitafute hoteli yenye bango kubwa kwa chakula hiki. Tembeeni vichochoro vya Kibokoni, mkiona watu wamebeba mabakuli kutoka nyumbani kwao wanakuja kununua, simameni hapohapo. Mahamri yalikuwa yanatoka kwenye karai, yamevimba, ukilipasua moja harufu ya iliki inatangulia mvuke. Mama yangu ni wa Machakos, amelima mbaazi na kuzila tangu utotoni, lakini hajawahi kuziona zimelala kwenye tui zito jeupe namna ile. Alikula kimya, kisha akamwita mpishi.

"Mwanangu, hizi umezifanyaje?"

Yule dada akaja akachutama karibu naye. "Mamangu, zichemshe kwanza peke yake mpaka zilainike. Kisha tia tui jepesi na kitunguu, ziive nalo. Tui zito ni la mwisho, na usiliache likachemka sana, litakatika. Koroga polepole, ukiona limeshika, epua."

Mama aliomba mkubwa wetu ayaandike hayo kwenye simu. Nawaambia haya kwa sababu ukienda na mzazi, usimfanye mizigo ya kusindikizwa kwenye makumbusho. Mtafutie watu wa kuzungumza nao. Mombasa watu wa umri wake wanapewa nafasi, wanaitwa mama, wanapewa kiti kabla hawajaomba.

Fort Jesus inafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu ndiyo saa yake nzuri. Beba kitambulisho, Mkenya halipi sawa na mgeni. Waongozaji watawafuata nje ya lango. Wapo wanaoijua historia vizuri sana na ni vyema kuwa na mmoja kama watoto ni wadadisi, ila patana bei mapema, na uitaje mbele ya familia nzima, ili msije mkazungushana mwishoni.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka 1698 ndipo wakaitwaa. Waingereza wakaigeuza gereza mwaka 1895, na ikabaki gereza hadi 1958. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto hawashiki miaka hiyo, lakini wanashika vitu. Wetu mdogo alipenda mifupa ya nyangumi, alitaka kujua tumbo lilikuwa wapi. Wa kati alisimama muda mrefu mbele ya michoro ya Wareno: meli na watu, vimechorwa ukutani na wanaume waliokuwa wamekaa mle ndani mbali na kwao. Mkubwa wa kwetu, ambaye kwa kawaida hatoi kichwa kwenye simu, alitaka kujua habari ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama karibu na ngome mwaka 1697 wakati ilipokuwa imezingirwa. Vitu vilivyoopolewa kutoka baharini vimewekwa kwenye makumbusho ya mle ndani. Msomee mtoto maelezo ya kitu kimoja, umwoneshe kwenye vioo, halafu mpeleke juu ya ukuta atazame bahari ileile. Hapo historia inamwingia.

Kwa mzee: uwanja wa kati unatembeleka, lakini njia za kupanda kwenye kuta zina mwinuko na mawe yamelainika kwa nyayo. Mama alibaki kivulini na mke wangu, tukapokezana. Saa moja na nusu inawatosha mle ndani. Zaidi ya hapo jua linaanza kuwakera watoto.

Ukitoka, ingia Ndia Kuu kwa miguu. Hapa msikimbie. Milango ya kuchongwa, roshani za mbao, misikiti iliyobanana na nyumba, pamoja na Msikiti wa Mandhry ambao ni wa mwaka 1570 hivi na mnara wake mweupe mnene unauona kutoka mbali. Hapa ni makazi ya watu, si maonyesho. Vaeni kwa heshima, mabega na magoti yafunikwe, na kabla ya kumpiga mtu picha muombe. Nimeona wageni wanaelekeza simu mpaka ndani ya nyumba za wenyewe na inaniuma, maana watu wale ni wakarimu mno kutendewa hivyo. Tulipumzika kwa muuza kahawa. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Watoto wakapewa kashata, wakubwa tukanywa.

Kutoka hapo panda tuktuk kwenda Marikiti, soko la viungo, ukiwa na mzee. Mke wangu alijua anachotaka: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga nzima. Nunua nzima, usinunue zilizosagwa kama una njia ya kusaga nyumbani, harufu itakaa miezi. Wauzaji wanaita, "Karibu mamangu, nusa kwanza," na kunusa hakulipiwi. Mabuyu na achari ya embe pia viko huko, na ni vizuri mviache mkobani mpaka mmeshakula mchana, la sivyo watoto watashiba sukari na pilipili. Mtaa wa Biashara hauko mbali, ndiko kwenye maduka ya leso. Mama alisomewa maandishi ya leso moja baada ya nyingine, akakataa nyingi, akachagua iliyomtakia mtu kheri. Mpe muda huo.

Mchana kaleni biriani ndani ya hoteli yenye feni. Hilo ni sharti. Mombasa biriani na wali haviji vimechanganywa: wali unakuja na rangi yake, mchuzi mzito wa nyama au kuku juu yake au pembeni, kachumbari na ndimu. Mwambie mhudumu mapema kwamba kuna mtoto, akuletee mchuzi usio na pilipili nyingi au samaki wa kukaanga. Sahani moja ya biriani ilitosha watoto wawili. Kunyweni maji ya ukwaju au ya ndimu, soda mnazo kwenu. Baada ya hapo lala. Kweli, rudini mlikofikia, watu walale mpaka saa tisa. Familia zinazogombana likizoni mara nyingi zinagombana saa nane mchana, kwenye jua, watu wakiwa wamechoka na hakuna anayetaka kusema.

Pembe za Moi Avenue mtapita nazo njiani. Ni alumini, za miaka ya 1950, zilitengenezwa kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Picha moja, mnaendelea.

Alasiri nendeni feri ya Likoni kabla watu hawajatoka kazini. Anayevuka kwa miguu halipi, na kwa mtoto aliyekulia bara, kupanda chombo kile kikubwa, mlango ukainuliwa na injini zikanguruma chini ya miguu, ni jambo kubwa kuliko bwawa lolote la kuogelea. Shikeni watoto mikono, simu ziwe mfukoni, mvuke mrudi.

Kisha bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, ambayo iko hapo karibu. Hapa ndipo ningemaliza siku hata kama ningekuwa na siku saba. Mibuyu mikubwa, viti, upepo, na meli za kuingia Kilindini zinapita karibu kiasi kwamba watoto walikuwa wanasoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Muuza madafu akishakukatia na ukanywa, mrudishie alipasue, akuchongee kipande cha ganda kiwe kijiko ule nyama yake. Muhogo unachomwa juu ya mkaa, unapasuliwa katikati, unapakwa ndimu, chumvi na pilipili. Na viazi karai: viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye unga wa manjano uliorojeka, vikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Angalia mafuta. Yakiwa safi na watu wamepanga foleni, agiza. Chatini ya ukwaju omba pembeni ili mdogo ale chake kikavu. Mshikaki vilevile, kula ule uliotoka motoni wakati huo, sio uliokuwa umesubiri.

Kuhusu usafiri, kama mnaondoka usiku huohuo kwa treni ya SGR, kumbukeni stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na barabara ya jioni ina magari mengi. Tokeni Mama Ngina mapema, vyakula vya jioni vinafungika vizuri kwenye karatasi.

La mwisho ni kalenda. Ijumaa maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa wakati wa swala ya adhuhuri, kwa hiyo fanyeni Marikiti na leso mapema, biriani baada ya swala. Mkija Ramadhani, geuzeni siku nzima: asubuhi kaleni mlikofikia, ngomeni muende kama kawaida, msile wala kunywa hadharani Mji wa Kale mchana, kisha muingie mitaani baada ya magharibi. Saa hiyo kaimati, bhajia na mkate wa sinia vimejaa kila kona, na watoto wa mitaa hiyo bado wanacheza nje mpaka usiku.