Unaenda kuanza kazi duka la toi? Pitia hapa kwanza

Kuna vijana wananiuliza sana kuhusu hii kazi, hasa kuanzia mwezi wa kumi, maana ndo maduka yanaanza kutafuta watu wa kuongezea kwa ajili ya Krismasi, kwa hiyo naandika mara moja nisirudie rudie. Mimi nimefanya Kariakoo, rejareja na jumla kidogo, kwa hiyo ninayosema ni ya huko. Kama umepata duka la kwenye mall baadhi ya mambo yatakuwa tofauti, kule bei imebandikwa na kuna kiyoyozi.

Watu wanadhani ni kazi ya kukaa na watoto. Watoto wapo ndio, ila pesa iko kwa mtu mzima, na hawa wawili mara nyingi hawataki kitu kimoja. Mtoto kaona gari la rimoti lenye taa, mama anataka kitu cha elfu tano aondoke zake akawahi gari. Wewe uko katikati yao na kazi yenyewe kwa kweli ndo hiyo, mengine yote utajifunza ndani ya wiki.

Siku ya kwanza tu wakongwe watakufundisha ujanja mmoja: mteja akiingia na mtoto mpe mtoto toi ashike, akishashika hatoki bila hiyo. Inafanya kazi, sikatai, nimeona watu wanapiga mauzo kwa staili hiyo kila siku. Ila angalia sura ya yule mama akiwa analipa, analipa huku kamshika mtoto mkono kwa nguvu na kimoyomoyo anakutukana, na huyo humuoni tena, siku nyingine atakuja mjini bila mtoto au atanunua kwa machinga pale nje kwenye turubai maana kule akikataa anapita tu. Mimi naongea na mzazi kwanza. Swali la kwanza mtoto ana miaka mingapi, la pili hela, lakini usiulize kavu una shilingi ngapi, sema "mama nikuoneshe za elfu tano mpaka kumi au tupande kidogo?" Akishakujibu unatoa vitu vitatu vya bei hiyo hiyo unaviweka mbele ya mtoto achague mwenyewe. Vitatu tu. Ukimwekea mtoto wa miaka minne vitu kumi mtakesha hapo. Akichagua, mtoto anaona kashinda yeye na mama hajavuka alichopanga, na huyo mama mwezi ujao akialikwa bethdei anarudi kwako moja kwa moja bila kuzunguka.

Sasa hilo swali la umri usilichukulie kama salamu. Kwenye boksi utaona kaduara kana uso wa mtoto na maandishi 0-3 halafu kamekatwa mstari, maana yake hiyo toi haifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na sababu kubwa ni vipande vidogo vinavyoweza kumkaba koo. Wateja wengi wanafikiri ile namba inapima akili. Utamwambia mzazi hii ni kuanzia miaka mitatu, atakujibu "wangu ana mwaka na nusu lakini ana akili huyo, hutaamini". Usibishane na akili ya mtoto wa mtu, we mwambie tu mama huyu si bado anaweka kila kitu mdomoni? Hapo atatulia, maana anajua ni kweli. Kama hujui kipande ni kidogo kiasi gani, tumia kile kigogo cha karatasi kinachobaki toilet paper ikiisha, kitu chochote kinachopita humo usimpe mtoto wa umri huo. Mimi nilikuwa nakaweka kamoja chini ya kaunta, bosi alikuwa ananicheka lakini wateja walikuwa wanakaelewa haraka kuliko maelezo yangu.

Cha kuogopa zaidi ni zile betri za duara ndogo zinazong'aa, zinakuwa kwenye vitabu vya kuimba, saa za watoto, vile vitu vya kuwaka taa ukibonyeza. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza nyama za ndani, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya masaa mawili tu, hiyo ni ya kukimbia hospitali siyo ya kusubiri itoke chooni. Kwa hiyo kabla hujauza geuza toi uangalie mfuniko wa betri, uwe umefungwa kwa skrubu. Mzigo mwingine unakuja mfuniko unafunguka kwa kucha, hiyo mpelekee bosi umuoneshe, na mteja mwenye mtoto mdogo mwambie wazi achukue nyingine. Utapoteza hela kidogo siku hiyo, sawa.

Ukiacha hizo, betri za kawaida ndo zitakusumbua kila siku ya Mungu. Toi nyingi zinakuja bila betri na mteja hasomi, atafika Mbagala na mtoto analia na toi haiwaki halafu kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwako. Jaribu kila kitu mbele yake kabla hakijatoka: weka betri za dukani, washa, mbele, nyuma, taa, sauti, kisha toa betri zako na muulize anachukua zake hapa hapa au anazo nyumbani. Tembea na bisibisi ndogo ya nyota mfukoni, usiitegemee ya duka maana haipatikanagi. Na kwa vile ukutani kuna lile tangazo la mali ikiuzwa hairudishwi, kujaribu mbele ya mteja ndo kunawaokoa wote wawili, yeye kaona inafanya kazi na wewe una ushahidi.

Magari ya kupanda, yale ya kuchaji anayoendesha mtoto mwenyewe, yana somo lake. Mengi yanatumia betri ya volti 6 au 12 ya aina ile ile ya asidi kama za pikipiki, na hizo betri zikikaa miezi bila chaji zinakufa. Gari likikaa stoo tangu mwezi wa tatu likauzwa Disemba bila kuchajiwa, mteja atakwambia umemuuzia bovu na atakuwa na haki. Hakuna atakayekutuma uyachaji, wewe jiwekee utaratibu uwe unazungushia chaji kila mwezi. Ukimuuzia mtu mwambie hivyo hivyo, asisubiri liishe kabisa na akiliweka asiliweke likiwa tupu. Kuyafunga pia jifunze mapema, na baiskeli vile vile, kwa sababu vinakuja vipande vipande ndani ya boksi na anayejua kufunga ndo anaachwa kazini Januari wenzake wakirudishwa nyumbani.

Kelele utazizoea. Kuna toi zinaimba wimbo mmoja kutwa nzima na mtoto wa kila mteja atabonyeza ile ile, baada ya muda husikii tena, unasikia tu ukiwa umelala.

Wateja wako aina nyingi ila nitakutajia wa kujiandaa nao. Kuna wanaume wa tarehe 24 usiku. Anaingia anahema, anataka zawadi ya mtoto wa dada yake, ukimuuliza ana miaka mingapi anakuonesha kwa mkono, "ana urefu huu". Hawa hawapunguzi bei, wanataka kufungiwa vizuri kwenye karatasi ya zawadi waondoke, kwa hiyo mchana wa siku hiyo kata karatasi zako na selotepu uziweke tayari. Kuna walimu wa chekechea, wanakuja kipindi cha mahafali kuelekea mwisho wa mwaka, wanataka vitu arobaini vinavyofanana na kila kimoja kiwe cha bei ndogo, mtu wa namna hii mpe namba yako ya simu maana ni mteja wa kila mwaka. Kuna wazazi hawataki mdoli kabisa, wengine kwa sababu za dini, wengine wanasema usiku unawaangalia, na mdoli unaoongea ndo usiseme. Usicheke wala usimwelimishe mtu, sogea upande wa magari na vifaa vya kupanga. Na siku hizi kina mama wengi wanaulizia mdoli mweusi mwenye nywele za kusuka, kama dukani hamna mwambie bosi aagize, hilo ni la mauzo tu.

Idd nayo ina watu wake. Pale wanakuja watoto wenyewe na hela yao ya sikukuu mkononi, mia tano tano, bila mzazi. Wanataka miwani, bunduki ya maji, puto, kigari. Wahudumie kama wateja wengine, wahesabie chenji mbele ya macho yao pole pole, na usimbebeshe mtoto kitu cha kumaliza hela yote kwa sababu tu hajui kukataa. Kuna watu wanafanya hivyo na wanaona ni uhodari. Kumbuka Idd inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mzigo wake hauagizwi kwa mazoea ya mwaka jana.

Kuhusu hela: toa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kila mauzo, hata bosi akiwa hayupo, TRA, watu wa kodi, wakipita hawaulizi nani alikuwa kwenye zamu. Mteja akilipa kwa lipa namba usiangalie meseji kwenye simu yake, subiri iingie kwenye simu ya duka, Disemba kukiwa na foleni ndo matapeli wanapenda. Na mfuko usimuahidi mteja kabla hujaangalia kama ipo, ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mbadala wa kubeba boksi kubwa hauko kila duka, mara nyingi utafunga kamba tu.

Wizi upo, na mwingi ni vitu vidogo vinavyoingia mfukoni mwa mtoto. Usipige kelele. Mfuate mzazi sema kwa sauti ya chini "mama, mtoto kashika kigari, tukiandikie au tukirudishe?" Tisa kwa kumi anashtuka kweli na anakirudisha mwenyewe au analipa. Ukipiga kelele umepata kigari cha elfu mbili na umepoteza mteja, na wengine waliokuwa dukani pia.

Jambo la mwisho ulimalize na bosi kabla hujaanza, siyo baada: vitu vinavyovunjika. Watoto watavunja, hiyo haina mjadala, na maduka mengine yanakata kwenye mshahara wa muuzaji kama shoti, yaani upungufu wa hesabu. Uliza wazi nani analipa mtoto akivunja, nani analipa toi ikija imevunjika ndani ya katoni, na hesabu ya mzigo inafanyika lini. Ukipokea katoni fungua mbele ya mwenzako, mbovu ziandikwe siku hiyo hiyo na ziwekwe pembeni. Hesabu kubwa mara nyingi ni Januari, duka likiwa kimya wazazi wote wako kwenye ada, na kama hukuandika kitu Disemba hapo ndo utajua mshahara wako umebaki ngapi. Likizo usiombe mwezi huo, omba Februari.