Selimundu ya mtoto wetu imetoka upande gani?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu hatujawahi kuugua damu, lakini mtoto wetu wa pili, mwenye miezi 10, alivimba vidole vya mikono na miguu, na majibu ya kipimo yameandikwa SS. Mawifi zangu wanasema ugonjwa huu umetoka kwetu, kwa kuwa kwao haujawahi kuonekana. Je, ni kweli? Na baada ya mmoja kuugua, watakaofuata watakuwa wazima?
Mama wa watoto wawili, Mwanza

JIBU: Si kweli, dada, na inasikitisha kwamba akina mama wengi hubebeshwa lawama hii wakati ambapo wanahitaji kusaidiwa kulea. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza mwili kutengeneza himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni katika damu, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida huitwa A, na ile ya selimundu huitwa S. Mwenye A moja na S moja kwa kawaida huishi na afya njema, ndiyo maana S inaweza kupita katika ukoo vizazi kadhaa bila mtu kuitambua. Mtoto wenu ana S mbili. Kwa hiyo moja ameipata kwako na nyingine kwa baba yake.

Wala S si alama ya ukoo mbaya. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS hupata kinga kiasi dhidi ya malaria, jambo linaloeleza kwa nini S imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Kuhusu watakaofuata: iwapo nyote wawili ni AS, kila mmoja hutoa nakala moja tu kwa bahati, na mtoto anaweza kuwa AA, AS au SS. Uwezekano wa SS ni asilimia 25, wa AS asilimia 50 na wa AA asilimia 25, lakini hesabu hiyo huanza upya katika kila mimba. Mimba haijui iliyotangulia ilikuwaje. Familia inaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, na nyingine yenye hali hiyohiyo isipate hata mmoja.

Mtoto hakuonyesha dalili alipozaliwa kwa sababu vichanga huwa bado na himoglobini ya tangu tumboni mwa mama, ambayo haiathiriwi na S lakini hupungua katika miezi ya mwanzo. Sasa mhudhurishe kliniki bila kukosa, na akipata homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mkubwa wake naye apimwe, kwani akiwa AS atahitaji kulijua hilo kabla ya kuchagua mwenzi. Na siku ya kupokea ushauri nenda na mume wako, ili ndugu zake wayasikie maelezo haya kutoka kinywani mwake.